Bwawa jipya linashuka sentimita 3 kwa siku: usikubali mtu apasue wala amwage maji kabla hujapima

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Mbezi Beach, upande wa chini karibu na bahari. Anasema bwawa lao la nyumbani, mita 8 kwa 4, lina miezi miwili tu tangu lijazwe maji. Kila asubuhi akipima na rula anakuta maji yameshuka kama sentimita 3. Fundi aliyejenga anamwambia ni jua la Dar tu. Fundi wa pili kasema grauti, ile simenti ya kuziba katikati ya marumaru, imeliwa, wamwage maji yote arudie grauti bwawa zima. Wa tatu anataka kupasua sakafu. Mume wake kachoka na anataka wamlipe huyo wa pili yaishe. Anauliza wafanyeje.

Dada yangu pole sana. Naijua hiyo hali, unafungua mlango wa nyuma asubuhi hata salamu hujamaliza macho yameshaenda kwenye ule mstari wa juu wa marumaru kuangalia maji yamefika wapi leo. Mimi kazi ya mabwawa naifanya hapa Dar mwaka wa 17 sasa, Masaki, Kigamboni, Goba, Bunju, na huko huko kwenu Mbezi, na nakuhakikishia mabwawa mapya yanayovuja ni mengi kuliko watu wanavyodhani na sehemu kubwa yanatibika bila nyundo kugusa sakafu. Ila kabla sijaanza kueleza naomba mambo mawili, usimlipe mtu yeyote wiki hii, na usikubali bwawa limwagwe maji. Hilo la pili ntalirudia huko chini kwa urefu maana kwa mahali ulipo ndo linaloweza kukupotezea bwawa zima.

Tuanze na jua. Fundi wako hajasema uongo mtupu, maji yanaliwa na jua kweli na upepo unayala zaidi, watu wengi hilo la upepo hawalijui. Hapa kwetu bwawa lililo wazi linapoteza kama milimita 5 mpaka 7 kwa siku, na kipindi cha kusi pale mwezi wa sita mpaka wa nane upepo ukivuma kutwa nzima inaweza ikazidi kidogo hapo. Wewe unapoteza milimita 30. Hakuna jua la Dar linalokunywa milimita 30 kwa siku, hata kaskazi ya mwezi wa pili ile ya kuunguza nyayo haifiki huko. Na kama atakuambia zege jipya linanyonya maji, ni kweli pia, siku za mwanzo baada ya kujaza linanyonya kidogo, lakini sio mpaka mwezi wa pili.

Hebu tuibadilishe iwe lita ndo utaona ukubwa wake. Bwawa lako lina mita za mraba 32, kwahiyo kila sentimita moja ikishuka ni lita 320. Sentimita 3 ni lita 960, yaani karibu uniti nzima kwenye mita ya DAWASA kila siku ya Mungu. Ukitoa lile fungu la jua, tuseme lita 190 hivi, zinabaki kama lita 770 zinazoenda mahali ambapo hujui ni wapi. Ndani ya wiki mbili ni boza la lita elfu 10 na zaidi limeingia kwenye mchanga chini ya nyumba yenu. Ndo maana nasema hili sio la kuchekewa wala la kusubiri litajiziba lenyewe.

Lakini kabla hatujamshika mtu shati kwa kuvujisha, kuna kitu kimoja nataka uulize leo leo: yule kijana anayesafisha bwawa anafanya bakiwoshi, yaani kuosha filta kwa kupitisha maji kinyume na kuyamwaga nje, mara ngapi? Maana nimeshaitwa nyumba zaidi ya 3 kutafuta leki nikakuta leki ni bakiwoshi. Pampu ya bwawa la saizi yako inasukuma kama lita 200 kwa dakika, kijana akifungua bakiwoshi dakika 3 amemwaga lita 600 na bwawa limeshuka karibu sentimita 2 hapo hapo, na wengi wanafanya kila siku asubuhi kwa sababu waliambiwa ni usafi. Filta ya mchanga haitaki hivyo. Angalia geji iliyo juu ya filta, andika inasoma ngapi siku ikiwa safi, ikipanda kama nusu baa juu ya hapo ndo unasafisha, kwa bwawa la nyumbani inaweza kuwa mara moja kwa wiki au hata ikakaa zaidi ya wiki. Sasa kama kijana anasema hagusi au anafanya jumapili tu, basi tuendelee.

Kipimo cha kwanza ni cha ndoo, na hiki unafanya mwenyewe wala huhitaji fundi. Kama bwawa lina floti ya kujijaza lenyewe funga koki yake kwanza, hiyo floti ndo inaficha leki miezi na miezi unakuja kustuliwa na bili. Chukua ndoo ya lita 20, weka jiwe ndani isielee, iweke kwenye ngazi ya kuingilia bwawani ikae imara. Jaza maji ya bwawa ndani ya ndoo mpaka usawa wake ulingane na maji ya nje, kisha chora mstari kwa makapeni ndani ya ndoo na mstari mwingine nje ya ndoo pale maji ya bwawa yalipogusa. Zima pampu. Mtu asiogelee, watoto waambie leo hapana, na kama kuna dalili ya mvua ahirisha. Baada ya saa 24 unarudi na rula. Ndoo na bwawa vinapigwa na jua lile lile na upepo ule ule, kwahiyo kama ndoo imeshuka milimita 6 na bwawa limeshuka 30, hizo 24 za katikati ndo leki yako na fundi hana tena la kusingizia jua. Piga picha ile mistari na rula ikiwa pembeni, utaihitaji.

Siku inayofuata rudia kitu kile kile ila safari hii pampu iwake masaa yake ya kawaida. Hapo ndo utamu wa hicho kipimo ulipo, maana namba mbili zikikaa pembeni kwa pembeni zinaanza kuongea. Ikiwa bwawa linashuka zaidi pampu ikiwa inafanya kazi, shida iko upande wa kusukuma, yaani kuanzia filta kwenda kwenye bomba zinazorudisha maji bwawani, au ile valvu ya njia sita, ya kuchagua maji ya filta yaende wapi, inapitisha maji kwenda kwenye bomba la kumwagia taka. Hiyo valvu ni rahisi kuikagua, nenda pale bomba la bakiwoshi linapoishia, kwenye chemba au mtaroni, pampu ikiwa inawaka kwenye hali ya kuchuja, kama maji yanachuruzika hata kidogo basi gasketi ya ndani ya valvu imekufa au kijana amezungusha mkono wa valvu bila kuzima pampu na ameikata. Ni gasketi tu inabadilishwa, kazi ya nusu saa. Nimeona watu wamepasua paving nzima kumbe ni hiyo.

Ikiwa linashuka zaidi pampu ikiwa imezimwa, angalia upande wa kuvuta. Pampu ikiwaka bomba lenye ufa linavuta hewa badala ya kutoa maji, kwahiyo utaona povu na vibofu vya hewa vinatoka kwenye vile vitundu vya kurudishia maji, na kwenye kile kifuniko cha kioo cha pampu maji hayajai vizuri yanacheza cheza. Na ikiwa linashuka sawa sawa siku zote mbili, basi bomba nalianza kulitoa kwenye lawama na naenda kwenye mwili wa bwawa wenyewe na vile vitu vilivyochomekwa kwenye zege, skima (ule mdomo wa ukutani kwa juu unaovuta maji na takataka), taa, vitundu vya kurudishia na drein ya chini.

Na hapa dada ndo nataka unisikilize kwa makini. Kwenye bwawa jipya la zege, mara nyingi mno leki haiko katikati ya sakafu wala katikati ya ukuta. Iko pale plastiki inapokutana na zege. Bomba la PVC lina ngozi laini, simenti haishikani nalo kabisa, ukilizungushia zege tu na kuondoka, zege likikauka na kujikunja kidogo linaacha kanjia kembamba kuzunguka bomba, kembamba hata jicho halikaoni lakini maji ya futi 4 kwenda juu yanakaona. Fundi anayejua kazi anavisha bomba kola ya kuzuia maji kabla ya kumwaga zege, au anaacha tundu kubwa halafu anakuja kujaza kwa grauti isiyojikunja pamoja na ule utepe unaovimba ukiguswa na maji. Asiyejua anapiga mota anasawazisha na kisu cha plasta, anaweka marumaru juu, na kwa macho kazi inapendeza sana tu.

Kwahiyo kipimo kinachofuata ni cha rangi. Nunua rangi ya chakula ile nyekundu ya keki, na bomba la sindano la duka la dawa bila sindano yenyewe. Zima pampu angalau nusu saa maji yatulie kabisa, na zima swichi ya taa za bwawa kule kwenye boksi la umeme, sio swichi ya ukutani tu, kabla mtu hajaingia. Vaa miwani ya kuogelea, sogea taratibu usitikise maji, leta ncha ya bomba karibu na kiungo unachokishuku, kama upana wa kidole hivi, halafu sukuma tone dogo la rangi. Pasipo leki rangi itaning'inia pale pale kama kawingu, inatanuka polepole na kupotea. Penye leki utaona kitu kingine kabisa. Mwaka jana nilikuwa Goba kwa mzee mmoja, bwawa la miezi 4, tumezunguka taa zote mbili hakuna kitu, vitundu vyote hakuna kitu, nikafika kwenye mdomo wa skima, kona ya chini kushoto, nikasukuma tone. Lile tone halikuning'inia. Lilijivuta likawa uzi mwekundu, uzi ukapinda kona kama unajua unakoenda, ukaingia kati ya plastiki na marumaru ukapotea wote, sekunde kama 4 hivi hata wekundu wake haukubaki kwenye maji. Nikamwita mzee ashuke aone kwa macho yake, nikarudia mara 3, mara zote uzi unaingia pale pale. Pale palikuwa padogo kuliko unene wa kadi ya simu na ndo palikuwa panakula sentimita 2 kwa siku.

Kuna njia nyingine ya kukusaidia kujua uanzie wapi: maji yenyewe. Weka alama kila asubuhi kwa siku kadhaa bila kuongeza maji. Yakishuka yakafika usawa wa chini wa mdomo wa skima halafu yakasimama, skima ndo mtuhumiwa. Yakipita hapo yakasimama usawa wa vitundu vya kurudishia, ni hivyo au bomba lake. Yakisimama usawa wa taa, ni taa. Pampu iwe imezimwa muda wote huo maana ikivuta hewa kwenye skima inaungua. Lakini kwa eneo lako usiyaache yashuke zaidi ya usawa wa taa, yakifika hapo na bado yanaenda, jaza na uniambie, sababu yake inakuja sasa hivi.

Taa naomba niseme kidogo zaidi kwa sababu inasahaulika sana na ina hatari yake. Nyuma ya kila taa ya ndani ya maji kuna kikombe, na kwenye kile kikombe kuna bomba la waya linapanda kwenda kwenye boksi la maungio nje ya bwawa. Lile bomba linajaa maji, hiyo ni kawaida, ila boksi lake linatakiwa liwe juu kuliko usawa wa maji ya bwawa ili maji yasimame humo humo. Sasa nimekuta mafundi wamelifukia boksi chini ya paving ili lisionekane, liko chini ya usawa wa maji, kwahiyo maji yanapanda kwenye bomba la waya yanatokea kwenye boksi yanamwagika ardhini mchana na usiku, na waya wa umeme uko humo humo. Tafuta boksi lako liko wapi. Kama hujui, muulize fundi, kama na yeye hakumbuki hiyo nayo ni habari. Taa ziwe za volti 12 zenye transfoma, na saketi ya bwawa iwe na breka inayokata umeme ukivuja. Mpaka umeme utakapokaguliwa, watoto wasiogelee usiku taa zikiwa zimewashwa. Hilo silegezi.

Bomba za chini ya ardhi zinapimwa kwa presha. Fundi anaziba kitundu cha upande wa bwawa kwa plagi ya mpira, anaunganisha ile pampu ya mkono ya kupimia upande wa chumba cha mashine, anajaza maji anapandisha mpaka kama baa 2 na kuacha nusu saa. Sindano ya geji ikikaa, bomba ni zima. Ikishuka, bomba hilo lina tatizo na analijua ni lipi kati ya yote, kwahiyo hata kama itabidi kuchimba anachimba mstari mmoja tu sio bustani nzima. Apime kwa maji, asipime kwa upepo wa kompresa peke yake, plagi ikichomoka na upepo inaruka kama risasi na imeshaumiza watu. Mara nyingi ukichimba unakuta elbo iliyopakwa gundi juu juu bila kusafishwa, au bomba limelazwa juu ya mawe likajazwa kifusi na paving ikapigwa kompekta juu yake. Kama una picha za wakati wa ujenzi kwenye simu zitafute hata zile ulizopiga kumuonyesha mama, picha moja ya bomba kabla halijafukiwa inaokoa siku nzima ya kuchimba.

Sasa huyo fundi wa grauti. Dada, marumaru na grauti havizuii maji. Havijawahi kuzuia maji. Vile ni nguo ya bwawa, mwili ni zege, na ngozi ni ile wotapruf inayopakwa juu ya plasta kabla ya marumaru, angalau mikono miwili, na kwenye kona ambapo sakafu inakutana na ukuta inawekwa na wavu wake. Maji yanapita nyuma ya grauti hata bwawa likiwa zima kabisa na hakuna shida kwa sababu yanakuta ngozi. Kwahiyo akirudia grauti bwawa lote atakuwa amefua nguo ya mgonjwa. Linaweza hata kupunguza leki kidogo miezi michache mkafurahi, kisha linarudi, na kipindi hicho huyo fundi hapokei simu. Swali la kumuuliza aliyejenga ni hili: kabla ya kuweka marumaru, bwawa lilijazwa maji likaachwa angalau wiki nzima ikipimwa linashuka kiasi gani? Kama lilijazwa atakuwa na picha au wewe utakumbuka boza lilikuja. Kama halikujazwa, alifunika kitu ambacho hakukipima, na hilo ni la kwake kubeba sio lako.

Na kumwaga maji. Mbezi Beach ya chini, Msasani, Mikocheni, sehemu kubwa ya Kigamboni, maji ya ardhini yako karibu sana, masika ukichimba shimo la futi 3 au 4 unakutana nayo. Bwawa likiwa limejaa, maji ya ndani yanakandamiza chini na maji ya ardhini yanasukuma juu, wanashikana. Ukilimwaga umemuachia mmoja. Kila mita moja ya maji ya ardhini iliyo juu ya usawa wa sakafu inasukuma juu kwa tani 1 kwenye kila mita ya mraba, sakafu yako ni mita 32 kwahiyo ni tani 32 zinasukuma kutoka chini, na sakafu ya zege ya sentimita 20 yenyewe haina hata nusu ya uzito huo. Mwaka wangu wa pili kwenye hii kazi nilikuwa msaidizi Kigamboni, mwezi wa nne, mvua imenyesha wiki nzima. Bosi akasema tumwage bwawa jioni ili asubuhi tuanze kazi mapema. Usiku tulisikia mlio mmoja mzito kama lori limeangusha mzigo. Asubuhi upande wa kina kifupi sakafu ilikuwa imenyanyuka shibiri nzima, marumaru zimesimama kama kadi, na bomba zote za chini zimekatika. Mwenye nyumba alikuwa mama wa makamo, amesimama pembeni na khanga yake hasemi kitu, anaangalia tu. Lile bwawa halikutengenezeka, lilivunjwa. Walilimwaga kwa sababu ya kutafuta leki ambayo baadae tulijua ilikuwa kwenye skima, sentimita 15 kutoka juu.

Kwahiyo mtu akikuambia amwage, muulize maji ya ardhini yako kina gani leo. Achimbe shimo la kupimia pembeni mpaka usawa wa sakafu ya bwawa aone kama linajaa. Muulize kama kwenye drein ya chini kuna ile valvu inayoruhusu maji ya ardhini kuingia bwawani kupunguza msukumo. Akikuangalia tu bila jibu, mpe chai aondoke. Ikithibitika kweli lazima limwagwe, inafanyika kiangazi, mwezi wa nane au wa tisa hivi, kuwe na pampu inayovuta maji ya ardhini pembeni mfululizo, na lisikae tupu siku nyingi.

Leki nyingi hazihitaji huko. Skima, taa na vitundu vinatibiwa maji yakishushwa kidogo tu au hata ndani ya maji. Kuna epoksi ya kuganda ndani ya maji, unakanda pande mbili kama ugali mpaka rangi iwe moja, unabandika kwa kidole gumba pale rangi ilipoingia. Hiyo inakupa nafasi ya kupumua, miezi, pengine mwaka na zaidi. Tiba yenyewe ni kuchimbua kuzunguka plastiki kama sentimita 2 au 3, kujaza simenti inayoganda haraka kwenye maji au grauti isiyojikunja, kupaka wotapruf, kisha marumaru. Zile dawa za kumwaga kwenye maji zikatafute leki zenyewe mimi kwa bwawa jipya siziafiki. Zikipita kwenye filta zinagandisha mchanga, na kibaya zaidi zinaziba kwa muda ule ule ambao ulitakiwa uwe unamdai mjenzi.

Ikiwa vipimo vyote hivi vimesafisha skima, taa, vitundu na bomba, hapo ndo tunazungumza ufa wa zege au ile joini ya sakafu na ukuta, pale zege la sakafu lilimwagwa siku moja na la ukuta siku nyingine bila kuwekwa utepe wa kuzuia maji katikati. Hiyo ipo, sikatai, na ndo ngumu kuliko zote. Ila ije mwisho baada ya vipimo, isije mwanzo kwa sababu fundi ana nyundo.

Wakati unapima, tembea kuzunguka bwawa ukigonga paving kwa kipande cha nondo. Panapolia tupu kama debe, mchanga wa chini umeshabebwa na maji, paweke alama na watoto wasipite hapo. Angalia na msingi wa ukuta wa fensi upande wa jirani, na shimo la choo kama linajaa haraka kuliko zamani. Mchanga wa pwani unameza maji kimya kimya, usitegemee kuona tope.

Kuhusu hela. Tafuta mkataba wenu, angalia kama una kipindi cha matazamio, yaani muda ambao mjenzi bado anawajibika kurekebisha kasoro, na kama kuna hela iliyobaki mkononi mwenu, miezi miwili ni mapema mno na kama kipindi kiliandikwa hakika bado kinaendelea. Usigombane naye kwenye simu. Mwandikie kwa maandishi, hata wasapu inafaa alafu na barua, umuwekee zile picha za ndoo na namba za siku mbili, umwambie aje apime presha ya bomba mbele yako kwa gharama yake na umpe tarehe. Na usimruhusu fundi mwingine aguse chochote kabla yeye hajaja kuona, maana akigusa tu mjenzi atasema bwawa limeharibiwa na mtu wa nje na hapo unaanza kesi upya. Kama amesajiliwa Bodi ya Usajili wa Makandarasi na anakukwepa, unayo sehemu ya kupeleka malalamiko. Mume wako mwambie anayemlipa wa pili leo anamsamehe wa kwanza.

Ndoo weka kesho asubuhi saa moja, keshokutwa saa moja usome, alafu siku ya pili na pampu. Ukishapata hizo namba mbili niandikie pamoja na usawa wa taa zako ziko sentimita ngapi kutoka juu, na kama umelipata lile boksi la waya. Leo jioni maji usiyaache chini, jaza mpaka katikati ya mdomo wa skima.